Mkono Unaojua Kuacha

Masika yakikolea, bonde la Kilombero huwa ziwa. Vijito vinavyoteremka kutoka Udzungwa huja na mchanga na majani yaliyooza, Mto Kilombero hupanda kingo zake, na kuanzia mashamba ya Kiberege hadi ya Ifakara mpunga husimama majini, madungu yakiwa yamechomoza juu yake. Maji yakishuka, tope jipya huwa limejitandaza juu ya lile la mwaka jana. Mkulima hulipenda tope hilo kwa rutuba yake. Mimi nalipenda kwa hilo na kwa jambo jingine: hivi ndivyo ardhi inavyozika mifupa, tabaka juu ya tabaka, na hivi ndivyo ilivyoizika zamani ambazo hakukuwa na binadamu wa kuzihesabu.

Nyati akifa mbugani, mabaki yake hayadumu. Tai na fisi humaliza nyama, fisi huvunja hata mifupa, jua hupasua iliyosalia, ng'ombe hupita juu yake, na baada ya misimu michache hakuna kitu. Lakini sheshe aliyezama mkondoni, au kiboko aliyefia kwenye bwawa linalokauka, akifunikwa na tope kabla ya fisi kumfikia, huwa na nafasi ndogo ya kubaki. Udongo wa mfinyanzi huzuia hewa. Maji ya ardhini hupenya polepole katika vitundu vya mfupa na kuacha humo madini, chembe kwa chembe: chokaa, silika, chuma. Baada ya maelfu kwa maelfu ya miaka mfupa huwa mzito na mgumu, umbo lake likiwa lile lile. Hicho ndicho kisukuku. Sehemu kubwa mno ya wanyama waliowahi kutembea duniani haikuacha hata jino.

Kwa hiyo mtu anayetoa kisukuku ardhini ameshika kitu kisicho na nakala. Akikivunja, hakuna kingine cha kukifidia. Akikitoa salama lakini akasahau kuandika kilikuwa kimelala tabaka gani, kimeelekea wapi na kilikuwa jirani na nini, amepoteza nusu ya habari yake. Ukubwa wa dinosaria hunishangaza kama unavyomshangaza mtoto, ila kinachonifanya niendelee kusoma habari zao ni mikono iliyowatoa, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya watu wa nchi hii.

Mto wetu ukikutana na Luwegu huitwa Rufiji. Kusini mwa Rufiji, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu kutoka bandari ya Lindi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona mfupa mkubwa uliochomoza karibu na njia chini ya kilima hicho. Mwaka uliofuata alikuja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuuangalia, na mwaka 1909 Makumbusho ya Berlin yaliwatuma Werner Janensch na Edwin Hennig kuanza uchimbaji ulioendelea hadi 1913. Hiyo ilikuwa miaka michache tu tangu Vita vya Maji Maji, vile vilivyolikumba bonde letu na Mahenge Agosti 1905, na njaa iliyovifuata ilikuwa bado haijasahaulika kusini yote. Watu waliochimba Tendaguru, ambao idadi yao ilipanda hadi kufika 500 hivi kwa msimu, walitoka katika nchi iliyochomwa mashamba. Sitaki kulisema hili kwa haraka. Kazi ya mkono mpole kiasi kile ilifanywa na watu waliokuwa wametoka kwenye jeuri kubwa.

Tazama kazi yenyewe. Kwanza huondolewa udongo wa juu kwa jembe na sululu, mita kadhaa wakati mwingine, na hapa nguvu ndiyo inayotakiwa. Kisha rangi ya udongo hubadilika, au sauti ya chuma hubadilika, na mchimbaji anayejua huweka sululu chini papo hapo. Kuanzia hapo ni kisu, patasi ndogo na brashi. Mfupa wa Tendaguru uliweza kuwa na urefu wa kumzidi mtu, lakini mizizi ya miti ilikuwa imepita ndani yake na mvua na kiangazi vilikuwa vimeupasua vipande mamia. Uliendelea kuonekana mzima kwa sababu tu tope lilikuwa bado limevishikilia vipande hivyo mahali pake. Ukiuondoa udongo wote kwa pupa, unabakiwa na rundo la kokoto.

Basi waliufunua upande mmoja tu, wakaunywesha gundi ya mti hadi nyufa zikashikana, wakaacha ikauka. Wakachora ulivyolala. Wakaupa herufi ya shimo na namba. Ndipo wakauvika plasta, na plasta ilipokuwa haba wakatumia udongo mwekundu na mianzi iliyopasuliwa, wakaifunga kuzunguka mfupa mpaka ukawa mtumba mmoja mgumu usioweza kujipinda. Baada ya hapo tu ndipo walipoukata kutoka chini, wakaugeuza, wakamalizia upande wa pili. Mizigo midogo ilibebwa kichwani, mikubwa kwa miti mabegani, kwenda Lindi. Maelfu ya mizigo ilipita njia ile, zaidi ya tani 200 za mifupa na udongo wake.

Mianzi ile inanivutia sana. Mafunzo ya Ulaya yalisema plasta. Mtu wa kusini aliyezoea kusuka wigo na kufunga paa anajua kwamba mwanzi uliopasuliwa una nguvu na wepesi, unafuata umbo la kitu unachokizunguka, na unakua jirani. Mitumba hiyo ilifika Berlin salama, na mingine haikupata kufunguliwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye imekuwa ikipitishwa kwenye mashine ya CT ili wataalamu waone kilichomo bila kukata kamba. Mfungaji alifunga kwa safari ya siku nne na bahari mbili tatu, na kazi yake bado imeshika.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ujerumani alitambuliwa kama mnyapara na pia fundi wa kuandaa mifupa, na hizo ni kazi mbili tofauti. Mnyapara hupanga watu. Fundi hukaa juu ya mfupa mmoja kutwa nzima. Kujua yote mawili maana yake Mzee Boheti aliweza kutembea kati ya mashimo yaliyotawanyika porini, akaona kundi gani limefika mahali pa kuweka sululu chini, na akawaambia. Waingereza walipokuja kuchimba Tendaguru baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1924, walimtafuta yeye. Ujuzi ulikuwa umebaki kichwani na mikononi mwake wakati vitabu viko Berlin.

Faida ya mikono hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye shingo. Mnyama mkubwa kuliko wote wa Tendaguru, ambaye leo huitwa Giraffatitan, alikuwa mla majani mwenye miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma na shingo iliyopanda juu kabisa. Mifupa yake iliunganishwa na kusimamishwa Berlin mwaka 1937, na kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Sasa fikiria pingili moja ya shingo hiyo. Si gogo la mfupa mtupu. Ina vyumba ndani, matundu ubavuni, na kuta nyembamba kama karatasi zinazotoka upande mmoja hadi mwingine. Kati ya mifupa yote ya mnyama yule, hii ndiyo rahisi kuliko yote kuvunjika, na ndiyo iliyotaka gundi nyingi, brashi laini, na siku nyingi zisizo na matokeo ya kuonyesha.

Kuta hizo zilifika. Kwa kuwa zilifika, Janensch aliweza kukaa nazo miaka mingi, na mwaka 1947 akachapisha uchunguzi wake juu ya nafasi za hewa katika pingili hizo. Vyumba vile vilikuwa vya hewa, kama ilivyo kwa mifupa ya ndege wa leo, ambao mifuko yao ya hewa hutoka mapafuni na kuingia hadi ndani ya mifupa. Shingo ndefu kiasi kile iliwezekana kwa sababu ilikuwa nyepesi. Leo, wataalamu wanapoeleza jinsi dinosaria wakubwa walivyopumua, miongoni mwa ushahidi wao ni kuta nyembamba ambazo mtu fulani katika shimo la Lindi aliamua kutozigusa zaidi ya lazima.

Tendaguru ilituonyesha nchi nzima, si mnyama mmoja. Miaka milioni 150 hivi iliyopita, katika kipindi cha Jurasiki, pale palikuwa pwani: mafungu ya mchanga, maji ya chumvi yaliyotulia nyuma yake, na bara lenye misitu ya miti jamii ya misonobari, masika na kiangazi vikipokezana. Humo aliishi Kentrosaurus, mla majani mwenye miiba mgongoni na mkiani. Dicraeosaurus mwenye shingo fupi. Elaphrosaurus, mwepesi, wa miguu miwili. Na Dysalotosaurus mdogo, ambaye mifupa yake ilikutwa kwa maelfu mahali pamoja karibu na Kindope. Kuna miguu ya dinosaria wakubwa iliyokutwa imesimama wima ndani ya tope gumu, kama mnyama alivyokuwa amekwama. Yeyote aliyewahi kusaidia kumtoa ng'ombe kwenye tope la mbuga za Kilombero ataelewa mara moja kifo kile. Na tunakielewa kwa sababu aliyechimba aliona mguu umesimama, akauchora hivyo, hakuulaza.

Mwaka 2011 wachunguzi walitangaza kwamba pingili moja ya Dysalotosaurus ilikuwa na ugonjwa. Picha za ndani zilionyesha mfupa uliojengwa na kubomolewa ovyo, kwa namna inayofanana na ugonjwa wa Paget unaowapata watu leo, ugonjwa ambao wengine wanauhusisha na virusi. Mnyama wa miaka milioni 150 alikuwa na ugonjwa wa mgongo, na tunajua.

Kuna jambo ambalo limenikera tangu nilipoanza kusoma habari hizi. Jina kamili la mnyama huyo mdogo ni Dysalotosaurus lettowvorbecki, kwa heshima ya jemadari Mjerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, von Lettow-Vorbeck, ambaye vikosi vyake viliishikilia Mahenge hadi 1917 na kumaliza chakula cha watu wa huku. Elaphrosaurus bambergi ana jina la mfadhili wa Berlin. Wachimbaji walisubiri. Mwaka 2007 Kristian Remes alipochunguza pingili mbili za shingo zilizochimbwa Tendaguru, akaona ni za mnyama asiyekuwa amepewa jina, akamwita Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mkia wa pingili 30 zilizokutwa zimefuatana uliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa ajili ya Wamwera, wenyeji wa nchi ile, na kwa ajili ya Mohammadi Keranje, aliyeuchimbua. Pingili 30 zilizofuatana! Ni rahisi kupita juu ya namba hiyo. Mkia ukichimbwa vibaya hupoteza mpangilio wake siku ya kwanza. Keranje aliutoa ukiwa na mpangilio wake, na heshima ile inastahili kwa kazi ile hasa.

Ufundi wa kuchimba huanza kabla ya jembe kugusa ardhi, nao huanza machoni. Hapa hatuna budi kumtaja marehemu Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyeanza kazi na akina Leakey, watafiti wa zamadamu, huko Olduvai mwaka 1960 kama kibarua, na ambaye mwaka 1964 alikuta taya la zamadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Njia yake ilikuwa kutembea. Alitembea polepole jua likiwa bado limelala upande, wakati kila kokoto ina kivuli chake, akitafuta kitu kimoja kilicho laini mahali ambapo vingine vina kingo, au chenye vitundu mahali ambapo vingine ni vizito. Wanaofanya kazi hii hutumia hata ulimi: kisukuku cha mfupa, kwa vitundu vyake, hunata ulimini, na jiwe la kawaida hunata mara chache.

Agosti 1984, kando ya mkondo mkavu wa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya aliona kipande kidogo cheusi kati ya kokoto nyeusi. Kilikuwa kipande cha paji la uso. Wenzake wakaanza kuchekecha udongo wa mahali pale, wakaendelea msimu baada ya msimu, hadi wakapata karibu mifupa yote ya mtoto mmoja wa kiume wa Homo erectus aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Kwa mifupa hiyo tulijua kwamba zamadamu wale tayari walikuwa na miguu mirefu ya watembeaji wa nchi zenye joto. Mwaka uliofuata Kamoya alipewa nishani ya National Geographic Society huko Washington. Alifariki mwaka 2022.

Chekeche linastahili sifa zake. Watu huenda makumbusho kuona kilicho kikubwa, ila habari za maisha ya kale mara nyingi ziko kwenye kidogo kilichobaki wavuni. Udongo wa Kindope uliosafiri hadi Berlin ukiwa umegandamana na mifupa ya Dysalotosaurus haukutupwa wote. Katika miaka ya 1990 Wolf-Dieter Heinrich aliuyeyusha na kuuchekecha, akatoa humo meno na vipande vya taya vya wanyama wadogo mno: mamalia kama Tendagurutherium na Staffia, na pia kipande cha mtambaazi arukaye, Tendaguripterus. Mamalia wale walipita miguuni mwa dinosaria, na hatungewajua kama wachimbaji wa 1910 wangekuwa na hamu ya kuifikisha mifupa ikiwa misafi. Walipeleka mfupa na tope lake. Nafikiri hapo ndipo ufundi wao ulipofikia kilele, katika kile walichokiacha.

Ukipanda treni ya TAZARA huku bondeni kuelekea Mlimba, ukapandisha mahandaki na madaraja hadi Makambako na kufika Mbeya, umekaribia mahali ambapo kazi hii inaendelea leo. Katika bonde la ufa la Rukwa, timu za Watanzania na wageni zimekuwa zikichimba miamba myekundu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko alipatikana Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo wa nchi kavu mwenye ukubwa wa paka, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina la Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fuvu lake lilikutwa limefumba kinywa. Fundi mwenye haraka angejaribu kulifumbua. Waliliacha limefumba, wakaliingiza kwenye mashine ya CT, na picha zikaonyesha meno ya nyuma yaliyokutana na kusagana kwa namna ya mamalia, jambo lisilotarajiwa kabisa kwa mamba. Miaka milioni 105 hivi iliyopita, kumbe huku kusini kulikuwa na mamba aliyekuwa akitafuna chakula chake.

Rukwatitan, dinosaria mla majani aliyetangazwa mwaka 2014, alikutwa ndani ya ukuta wa jabali. Hapo brashi peke yake haikufaa. Timu iliwaita wachimba makaa ya mawe, watu wanaojua namna ya kuingia ndani ya mwamba bila kuuangusha juu ya vichwa vyao, na kwa misimu miwili wakafanya kazi pamoja na wataalamu wa visukuku hadi mbavu, pingili, mifupa ya miguu na ya nyonga ikatoka. Habari hiyo imenifurahisha mno. Mchimba makaa kazi yake ni kuvunja mwamba, na hapa alipewa kazi ya kuvunja kila kitu isipokuwa kile kilicho katikati. Ndugu yake Rukwatitan, Mnyamawamtuka, alichimbwa kutoka ukingo wa mto Mtuka kati ya 2004 na 2008, miaka minne kwa mnyama mmoja, na pingili za mkia wake zilitoka na umbo lake kamili hivi kwamba umbo la moyo lililoonekana kwenye mwisho wake likaingia katika jina lake, moyowamkia.

Karibu na hapo, katika tabaka za Nsungwe zenye miaka milioni 25, vilipatikana vitu viwili vinavyoenea kiganjani. Kimoja ni taya la Rukwapithecus lenye meno kadhaa, na kingine ni kipande cha taya la Nsungwepithecus chenye jino moja tu. Vilitangazwa mwaka 2013. Mtaalamu wa meno husoma migongo na mabonde ya jino kama sisi tunavyosoma nyayo njiani, na meno haya yalisomeka wazi: la kwanza ni la ukoo wa sokwe, ambao ni wetu pia, na la pili ni la ukoo wa kima, ambamo leo wamo mbega wekundu wa misitu yetu. Kwa hiyo wakati Bonde la Ufa la Rukwa lilipokuwa likifunguka, koo hizi mbili zilikuwa tayari zimekwisha kuachana, na ushahidi wa mmojawapo ulikaa miaka milioni 25 katika jino ambalo dole gumba lingeweza kulifunika.